Kanzidata ya ramani imegoma: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Tanga

Nafanya kazi za ramani hapa Tanga mjini, na simu ikiita baada ya saa moja jioni huwa najua kabla sijapokea. Ni kijana wa maji, wa upimaji, au wa misitu kutoka Muheza au Lushoto, na maneno ni yale yale. "Shikamoo kaka, kanzidata imegoma." Marahaba, imesemaje? "Imeandika Kiingereza kirefu, nikabonyeza OK kikaondoka."

Hicho Kiingereza kirefu ndicho nilichokuwa nakihitaji. Basi nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, ili simu ibaki kwa yale magumu kweli.

Yote yanahusu QGIS, programu ya kuchorea ramani, inapozungumza na PostgreSQL, programu inayotunza kanzidata kwenye seva, yenye PostGIS, nyongeza inayoiwezesha kutunza ramani. Hawa wawili ni jamaa wa siku nyingi: PostGIS ilitoka 2001, na toleo la kwanza kabisa la QGIS, alilolitoa Gary Sherman Julai 2002, lilikuwa linasoma leya za PostGIS tu, basi. Kwa hiyo ukiona wamegombana, mchonganishi huwa katikati: ruta, waya, au sisi wenyewe.

Huo ujumbe wa kosa unaniambia nini hasa?

Unakuambia hodi yako imefika wapi. Chukulia umekwenda kumtafuta mtu Ngamiani.

Ukiona "could not translate host name", hata mtaa hujaupata. Jina la seva limekosewa, au umelibandika likiwa na nafasi tupu mwishoni, kosa lisiloonekana kwa macho. "Timeout expired" maana yake umepiga hodi, kimya, hakuna hata wa kukwambia mwenyewe hayupo: anwani haina mashine, waya umechomoka, au fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, inameza hodi bila kujibu. "Connection refused" inatisha lakini ni nafuu zaidi, kwa sababu nyumba ipo na imekujibu, ila mlango ulioubisha hauna mtu nyuma yake. "No pg_hba.conf entry for host" ni mlinzi: amekuona, kafungua daftari, jina lako halimo. "Password authentication failed" ni ufunguo usio wake. Na "permission denied" ina maana umeshaketi sebuleni, chumba tu ndicho kimefungwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeshuhudia mtu akibadilisha neno la siri mara sita kwa kosa la "timeout expired". Neno la siri lilikuwa halijafika hata getini.

Jana ilifanya kazi. Leo asubuhi "Connection refused", na hakuna aliyegusa kitu.

Umeme ulikatika usiku? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hapo kuna njia mbili.

Ya kwanza, seva imewaka lakini PostgreSQL haikuamka nayo. Kwenye Windows fungua orodha ya huduma kwa kuandika services.msc, utafute jina linaloanza na postgresql-x64, uiwashe. Kwenye Ubuntu usidanganywe na systemctl status postgresql, maana inaweza kukuonyesha rangi ya kijani na neno "active" wakati kanzidata yenyewe imelala. Hiyo ni huduma mama tu. Tumia:

pg_lsclusters

Hapo utaona kila toleo lililopo, namba ya mlango wake (port), na kama liko "online" au "down". Likikataa kuamka, soma kumbukumbu zake: Ubuntu ziko /var/log/postgresql, Windows ziko ndani ya folda ya data, kwenye log. Mara nyingi utakuta diski imejaa. Mara chache ni faili la postmaster.pid lililobaki baada ya mashine kuzimika ghafla. Hilo usilifute kabla hujahakikisha hakuna PostgreSQL nyingine inayoendesha folda ile ile, maana mbili zikikutana juu ya data moja, data ndiyo itakayoumia.

Njia ya pili ndiyo iliyonila siku nzima. Ofisi moja, ghorofani, kompyuta nne na seva chini ya meza karibu na dirisha. Juu ya kila kioo kulikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu: 192.168.1.14. Nikaipima ile anwani kwa ping, ikajibu vizuri, bila hata kusitasita. Nikajua mashine iko hewani, tatizo ni PostgreSQL. Nikaiwasha upya, nikasoma mafaili ya mipangilio mstari kwa mstari, nikanywa chai mbili. Saa tisa alasiri binti wa mapokezi akaenda kuchapisha barua, akazima printa na kuiwasha kwa sababu karatasi ilikwama, na ping yangu ikakata palepale. Printa ndiyo iliyokuwa ikinijibu. Umeme uliporudi usiku, ruta iligawa anwani upya: printa ikapewa 14, seva ikapewa 19. Nilikuwa naipigia hodi printa tangu saa nne.

Kwa hiyo ping isikutie moyo kupita kiasi. Inakwambia kuna kitu kwenye anwani hiyo, haikwambii ni kitu gani. Ulizia mlango wenyewe. Kwenye PowerShell ya Windows:

Test-NetConnection 192.168.1.14 -Port 5432

Mahali palipo na zana za PostgreSQL, andika pg_isready -h ikifuatiwa na anwani. Na dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuifungia seva anwani yake isibadilike. Ni kazi ya dakika tano.

Kwenye seva yenyewe inafunguka, kompyuta nyingine zote zinakataliwa. Kwa nini?

Kwa sababu PostgreSQL ikisakinishwa huwa mara nyingi inasikiliza nyumbani kwake tu. Kuna vitu vitatu, na vyote lazima vikubali.

Kwanza, kwenye faili la postgresql.conf, mstari wa listen_addresses. Ukiwa 'localhost', wageni hawasikiki. Weka anwani ya seva, au '*'. Mabadiliko haya hayashiki mpaka uizime kanzidata na kuiwasha. Hapa ndipo watu wanapobadilisha, wanahifadhi faili, wanajaribu, halafu wanasema haifanyi kazi.

Pili, pg_hba.conf, lile daftari la mlinzi. Kwa ofisi yenye mtandao wa 192.168.1 mstari unaotosha ni huu:

host ramani wapimaji 192.168.1.0/24 scram-sha-256

Yaani: kanzidata iitwayo ramani, mtumiaji aitwaye wapimaji, kutoka mtandao wa ofisi, kwa neno la siri. Daftari husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaokuhusu ndio unaohukumu. Ukikwama hapo, mlinzi hashuki kutafuta mwingine wa kukuokoa. Kwa hiyo mstari wako mzuri ukikaa chini ya mstari wa jumla unaosema reject, ni kazi bure. Faili hili halihitaji kuzima chochote, linasomwa upya kwa:

SELECT pg_reload_conf();

Tatu, fayawoli. Ruhusu mlango 5432. Kwenye Windows kuna ujanja uliowahi kunisumbua: ukibadilisha ruta, Windows huweza kuuhesabu mtandao mpya kuwa wa hadharani, na ruhusa uliyoiweka kwa mtandao wa nyumbani au ofisini haihesabiki tena. Utaapa kwamba uliruhusu, na ni kweli uliruhusu.

Nimekuta sehemu mtu kachoka, akaandika 0.0.0.0/0 na trust, maana yake yeyote, kutoka popote, bila neno la siri. Ilifanya kazi, naam. Hata mlango wa nyumba ukiung'oa hautakusumbua tena.

Neno la siri ni sahihi kabisa, nalijua kama jina langu, lakini linakataliwa.

Nakuamini. Ila huenda unaliingiza kwenye kanzidata nyingine. Ukisakinisha PostgreSQL mpya bila kuondoa ya zamani, ya zamani inabaki na mlango 5432 na mpya kwa kawaida inachukua 5433. Wewe unajaribu neno la siri jipya kwenye mlango wa zamani. Badilisha namba, jaribu tena.

Jambo la pili: QGIS inatunza maneno ya siri ya zamani. Kama uliyahifadhi kwenye mipangilio ya uthibitishaji, ile inayodai neno la siri kuu, kubadilisha kwenye seva hakubadilishi humo. Nenda ukalibadilishe kwa mkono.

Na ukiona "SCRAM authentication requires libpq version 10 or above", neno lako halina kosa. Tangu PostgreSQL 14 ya mwaka 2021, scram-sha-256 ndiyo njia ya kawaida ya kutunza maneno ya siri, na QGIS yako ni ya zamani kiasi kwamba haiijui. Sasisha QGIS. Kuna watakaokushauri urudishe seva kwenye md5, mimi siwashauri.

Kwenye Ubuntu inasema "Peer authentication failed".

Umeingia kupitia mlango wa ndani wa mfumo, ambako jina lako la Linux lazima lifanane na jina la mtumiaji wa kanzidata. Ongeza -h localhost kwenye amri ya psql, au jaza localhost kwenye kisanduku cha Host cha QGIS badala ya kukiacha wazi.

Nimesahau neno la siri la postgres.

Kwenye pg_hba.conf weka trust kwa muda kwenye mstari wa 127.0.0.1 peke yake, soma upya faili, ingia kwa psql -h 127.0.0.1 -U postgres, andika ALTER USER postgres PASSWORD na neno jipya, kisha rudisha scram-sha-256 kabla hujainuka kwenye kiti. Namaanisha hivyo hivyo, kabla hujainuka.

Nimeunganika, kijani kimewaka, lakini sioni leya hata moja.

Hili lina sababu nyingi, nazifuata kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe.

Tazama kwanza kama kanzidata uliyoifungua ndiyo yenyewe. Mara ngapi mtu ameunganika na ile ya kawaida iitwayo postgres, tupu kama mtungi wa kiangazi! Kisha angalia visanduku vya dirisha la kuunganisha: kimojawapo huonyesha skima (kabati la majedwali ndani ya kanzidata) ya public tu, na kingine, kisipowekwa alama, huficha majedwali yasiyo na jiometri. Data yako ikiwa kwenye skima ya maji, kisanduku cha kwanza kitaificha kimyakimya.

Halafu PostGIS. Inawashwa ndani ya kila kanzidata, haiwashwi mara moja kwa seva nzima. Ukitengeneza kanzidata mpya ukapata "type "geometry" does not exist", andika ndani yake:

CREATE EXTENSION postgis;

Halafu ruhusa. Kumpa mtu ruhusa ya jedwali bila ruhusa ya skima ni kumpa ufunguo wa chumba na kumfungia geti. Vinakwenda pamoja:

GRANT USAGE ON SCHEMA maji TO wapimaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA maji TO wapimaji;

Amri ya pili inahusu majedwali yaliyopo leo. La kesho litahitaji ruhusa yake, au utumie ALTER DEFAULT PRIVILEGES, ambayo nayo inahusu tu majedwali atakayoyaunda yule aliyeiandika. Na wakianza kuongeza vitu wakapata "permission denied for sequence", wape USAGE kwenye sequence za skima hiyo. Ndizo zinazogawa namba za safu mpya.

Waliohamia PostgreSQL 15 au zaidi hukutana na "permission denied for schema public" pale wanapotaka kuunda jedwali. Tangu toleo hilo la 2022, kwenye kanzidata mpya mtumiaji wa kawaida hana haki ya kuunda vitu kwenye public. Hakuna kilichoharibika. Tengeneza skima yako.

Mwisho, jedwali bila ufunguo wa msingi. QGIS inataka safu isiyojirudia ili kutofautisha kiwanja na kiwanja. Jedwali lipe ufunguo. Kama ni view, yaani jedwali linalotokana na swali lililohifadhiwa, chagua mwenyewe safu hiyo unapoiongeza.

Leya imefunguka, lakini Tanga haipo Tanga.

Swali hili halihusu muunganisho, ila kila mara huletwa kama la muunganisho, basi tulijibu.

Tanga iko kama nyuzi 5.07 kusini na 39.10 mashariki. PostGIS inataka longitudo itangulie. Ukiandika -5.07 kwanza, vituo vyako vyote vya maji vinahamia Hispania. Ukisahau alama ya kutoa, viko kusini mwa Ethiopia. Nilipoona kwa mara ya kwanza visima vya Pongwe vimechimbwa Hispania nilicheka mpaka nikajisikia vibaya, kwa sababu aliyevipima alikuwa amezunguka juani wiki nzima.

Kosa la hatari ni dogo kuliko hilo. Ramani nyingi za zamani za nchi hii ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, ambao kwa ukanda wetu wa 37 Kusini namba yake ya utambulisho ni EPSG 21037. GPS na simu zinatoa WGS 84, ambayo ukanda huo ni EPSG 32737. Namba zinafanana kwa sura, ukizichanganya hakuna ujumbe wowote wa kosa, lakini kila kitu kinasogea takriban mita 300. Hapa Ngamiani mita 300 ni kuvuka barabara kadhaa na kumpa mtu kiwanja cha jirani. Na ukishagundua, usitumie ST_SetSRID kusahihisha data iliyoandikwa vizuri. Hiyo inabadilisha lebo tu. Kuhamisha namba zenyewe ni kazi ya ST_Transform.

Inafunguka, ila nikisogeza ramani naweza kwenda kuswali nikarudi.

Kama jedwali halina faharasa ya kijiografia, kila ukisogeza, seva inapekua kiwanja kimoja kimoja. Itengeneze:

CREATE INDEX ON viwanja USING GIST (geom);

Kwenye dirisha la kuunganisha weka alama kwenye kisanduku cha kutumia makadirio ya taarifa za majedwali, "Use estimated table metadata", ili QGIS isihesabu jedwali zima kujua linaishia wapi. Nyumba za mji mzima zisionekane mpaka mtu asogee karibu. Anayetazama kutoka Mabawa hadi Raskazone kwa mara moja hana haja ya kuona bati moja moja.

Kwa walioko Lushoto wanaotumia modemu kufikia seva ya mjini, kuna jingine: ukiacha QGIS wazi ukaenda kula, mtandao huweza kukata mazungumzo yaliyonyamaza, nawe ukirudi programu imeganda. Kuna mpangilio wa keepalives_idle nitauonyesha chini. Ila kusema kweli, kwa kazi ya shambani chukua data unayoihitaji kwenye GeoPackage, faili moja linalobeba leya zako, fanya kazi, rudisha jioni.

Basi GeoPackage yenyewe inasema "database is locked".

Imewekwa kwenye folda ya pamoja na watu watatu wameifungua, sivyo? GeoPackage ni faili la SQLite, halikutengenezwa kwa kugombaniwa kupitia mtandao. Mmoja alitumie kwenye kompyuta yake. Na ukilinakili huku limefunguliwa, ukaacha vifaili vyake viwili vinavyoishia na -wal na -shm, unaweza kuacha na kazi ya asubuhi nzima. Funga QGIS kwanza.

"Sorry, too many clients already."

Kawaida seva inapokea miunganisho 100, na QGIS moja hufungua kadhaa kwa mpigo ili ichore leya sambamba. Angalia pg_stat_activity uone nani kashika. Mara nyingi ni kompyuta tatu zilizoachwa wazi tangu Ijumaa.

Nifungue mlango 5432 kwenye ruta ili mwenzangu wa Dar aingie?

Hapana. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku kucha zikibisha mlango huo huo kwa kila anwani. Tumia VPN, au mpitishe kwa SSH:

ssh -L 5433:localhost:5432 mtumiaji@seva

Yeye kwenye QGIS ataandika localhost na mlango 5433, na kilichobaki kinapita ndani ya bomba lililofungwa.

Anwani ya seva imebadilika, miradi yangu yote arobaini imekufa. Nifungue mmoja mmoja?

Kwa leo, pole, huenda ndiyo. Kwa kesho, acha kuandika anwani ndani ya miradi. Tengeneza faili la .pg_service.conf, kwenye Linux likae nyumbani kwako, kwenye Windows ndani ya %APPDATA%\postgresql, na uandike:

[ramani]
host=192.168.1.14
port=5432
dbname=ramani
keepalives_idle=60

Kwenye QGIS jaza neno ramani kwenye kisanduku cha Service, Host ukiache wazi. Mradi utahifadhi jina hilo tu. Seva ikihama, unabadilisha mstari mmoja kwenye kila kompyuta, na miradi haijui kama kuna aliyehama.

Ile ofisi ya printa niliwafanyia hivyo. Vile vikaratasi bado viko juu ya vioo, ila mtu amekata 192.168.1.14 kwa kalamu nyekundu, chini yake kaandika "ramani", na kwenye printa wamebandika kingine: "Mimi siyo seva."